Anga, Ng'ombe na Baba Mkwe: Tulivyopima Ukame Itungi

Mugonile, yaani mmeamkaje, wajukuu zangu mliochukua kazi ya kupima mvua na ukame. Nasikia wengine wenu mtapelekwa mbali, kwenye nchi za vumbi, ambako wingu likipita watu hutoka nje kulitazama kama mgeni. Nendeni salama. Ila kabla hamjafunga mizigo, nisomeni kwanza mimi niliyejifunza kupima ukame hapa hapa Kyela, mahali ambapo ukiacha kinu nje bila kukifunika, asubuhi unamfukuza chura ndipo utwange.

Shule yangu ilikuwa ya misheni, na ilinifikisha kwenye kusoma na kuandika. Hesabu za kugawanya zilinishinda, kwa hiyo hesabu msitegemee kwangu. Majina nitawapa yote, ya watu na ya ng'ombe. Nitawanyima mawili tu: jina la yule kiboko wa Itungi, kwa sababu sikulijua, na jina la baba mkwe wangu, kwa sababu nalijua. Mwanamke wa Kinyakyusa hatamki jina la baba wa mumewe, hata kama mzee mwenyewe yuko kaburini siku nyingi na hawezi kusikia. Mimi sitaki kujaribu.

Jambo la kwanza mlishike. Ukame si kukosa mvua tu. Anga lina mambo mawili: lina kutia na lina kunywa. Ukitaka kujua linatia kiasi gani, unaweka chombo cha kupokea mvua. Ukitaka kujua linakunywa kiasi gani, unaweka chombo kipana mahali pa wazi, unajaza maji hadi alama, na kesho yake saa ile ile unatazama yameshuka wapi. Likitia kuliko linavyokunywa, mna migomba. Likinywa kuliko linavyotia, mwaka hadi mwaka, mna miiba. Elimu yote ndiyo hiyo. Kazi yenyewe ni kumzuia kila mwenye mdomo asinywe kabla ya anga.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Mdachi mmoja, Bwana Rupreti. Sisi tulimwita Bwana Kiu. Alikuja kwetu akitoka Ugogo, ambako alikaa akipima ukame mpaka midomo yake ikapasuka, na nadhani hata roho yake ilikauka kidogo. Alipofika Itungi mvua ilimpiga siku nzima, yeye na mizigo yake na mbwa wake, na bado akashuka kwenye mtumbwi akichuruzika, akatutazama kwa huruma, akasema maneno ambayo mkalimani wake alikataa kuyatafsiri kwa muda. Mkalimani aliitwa Feruzi, mtu wa pwani, mwembamba, mwenye ulimi wa kutosha watu watatu.

"Kwanza simameni vizuri," Feruzi akatuambia. "Bwana anasema nchi yenu inakauka."

Mzee mmoja akakamua shuka lake, maji yakamwagika miguuni, akauliza, "Ipi?"

Lakini Bwana Kiu hakuwa mjinga, na msimcheke haraka. Miaka ile ziwa lilikuwa limerudi nyuma. Pale Itungi tulipokuwa tukifunga mitumbwi palikuwa mchanga mtupu, na wazee walisema ziwa linavuta pumzi, litazitoa likitaka. Bwana aliona ule mchanga akakumbuka Ugogo. Akaitisha baraza. Akasema kwamba nchi haifi kwa siku moja, kwamba watu wanakata miti, wanachoma, ardhi inabaki uchi, na jangwa linaanza kama upele, mahali padogo. Halafu akanyoosha kidole upande wa mashariki, ng'ambo ya maji, chini ya milima mirefu, ambako moshi ulikuwa unapanda.

"Ule moshi ni wa nini?"

Ule moshi ulikuwa wa mama yangu.

Mimi ni mtoto wa Ikombe. Kule milima inashuka hadi majini, mpaka kulala mtu anatafuta mahali pa kuegemeza mgongo asiviringike. Shamba hakuna. Mama yangu Tumwene na wanawake wenzake walifinyanga vyungu, wakavichoma kwa nyasi na kuni kiangazi, wakavipakia mitumbwini na kuvileta huku kubadilishana kwa ndizi, mahindi na maharage. Chungu kimoja, chakula cha kujaza chungu hicho. Usipochoma huli. Mimi niliolewa huku bondeni, lakini chungu cha mama nilikijua kwa kukipapasa gizani.

Bwana Kiu akatoa neno. Ataweka chombo chake Itungi kiangazi chote. Chombo kikionyesha kwamba anga letu linakunywa kama la Ugogo, basi Ikombe hakuna kuchoma vyungu tena. Chombo kisipoonyesha hivyo, wachome. "Si mimi nitakayeamua," Feruzi akatafsiri, akiwa ameweka mkono kifuani kama Bwana wake. "Chombo kitaamua."

Nikasema moyoni, afadhali chombo, kwa sababu chombo hakina hasira. Nilikuwa sijakijua bado.

Chombo chenyewe kilikuwa karai kubwa la chuma, jeupe, lililotoka Ulaya. Likawekwa karibu na mdomo wa mto. Siku ya pili kiboko akatoka majini, akalitazama, akalikalia. Sijui alitaka nini. Aliponyanyuka lilikuwa na umbo la matako yake, na Bwana alilizunguka mara nyingi akijaribu kulipima hivyo hivyo, mpaka Feruzi akamshika mkono.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Mume wangu Ambilikile alikuwa mpagazi wa Bwana, akasema mke wake ni wa Ikombe na anaweza kufinyanga kitu kipana kuliko karai. Nikaitwa. Nikafinyanga chungu cha mdomo mpana na kitako bapa, chenye kina cha mkono hadi kiwiko, nikakichoma vizuri, nikaleta. Bwana akafurahi, akaniajiri nikitunze na nikipime kila asubuhi kwa fimbo yake yenye mikato. Alinifundisha kupiga magoti mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, maana ukitazama kutoka juu fimbo inakudanganya. Alinifundisha kupima kabla upepo wa ziwa haujaamka. Hayo yashikeni, ni mazuri.

Chungu kikashuka maji vibaya sana. Bwana akawa anatingisha kichwa kila asubuhi kama mtu aliyepokea habari za msiba aliokuwa akiutegemea. Nikamwambia Feruzi, "Mwambie chungu kipya kinatoka jasho. Ndiyo maana maji ya chungu yana ubaridi." Feruzi akamwambia. Bwana akakiinua, suruali ikalowa, akakilamba kitako, akakubali.

Dawa ya jasho kila mfinyanzi anaijua. Unapika uji wa ulezi mzito, unaumimina ndani chungu kikiwa cha moto, unaupaka kila mahali, unaziba vile vitundu. Nikafanya hivyo. Jasho likakoma. Lakini sasa maji ya serikali yalikuwa na ladha ya uji, na habari ikasambaa. Wakaja mbwa. Wakaja bata wa misheni wakiwa wamejipanga. Wakaja ng'ombe wa jirani yetu Mwakyoma, wakiongozwa na dume moja lililoitwa Malafyale, yaani Chifu, na lilistahili jina hilo maana halikuwahi kumpisha mtu.

Bwana Kiu akasema chombo kinahitaji mlinzi. Mtu mzima, mwenye heshima, ambaye watu na wanyama watamwogopa. Wakubwa wakashauriana, wakamleta mzee mmoja kutoka Njisi, mrefu, mwenye mkuki, asiyejua mzaha.

Alikuwa baba mkwe wangu.

Nyinyi vijana wa sasa mnakaa meza moja na wakwe zenu mnapitishiana chumvi, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu zamani mkaza mwana hakutazamana na baba mkwe. Hakupita njia aliyomo. Akimwona kwa mbali anaingia vichakani, shuka juu ya kichwa, mpaka mzee apite. Ndiyo maana vijana walijenga kijiji chao mbali na baba zao, sisi Itungi, yeye Njisi, na kati yetu mashamba na mto. Serikali ikatafuta nchi nzima, ikamchukua mtu mmoja duniani ambaye sikupaswa kumwona, ikamkalisha kando ya chungu ambacho nilipaswa kukitazama kila asubuhi.

Asubuhi ya kwanza nilifika na fimbo yangu, nikaona ncha ya mkuki, nikatumbukia migombani. Yeye naye aliona ncha ya fimbo, akageuka, akatazama ziwa. Tukakaa hivyo. Jua likapanda. Mimi sikuweza kusogea, yeye hakuweza kuondoka maana alikuwa ameambiwa asiondoke. Bwana Kiu alitukuta saa ya chakula.

"Kwa nini hakupima?"

"Anasema mkwewe yupo, Bwana," Feruzi akajibu.

"Amwamkie, apime."

Feruzi akanigeukia. "Dada, anasema umwamkie."

"Mwambie afadhali nimwamkie yule kiboko."

"Hilo silitafsiri," akasema Feruzi, na akalitafsiri.

Bwana alikuwa mtu wa kutafuta njia. Akazungushia chungu uzio wa mikeka ili mimi niwe ndani na mzee nje. Upepo ukazuilika, maji yakakataa kushuka kabisa, Bwana akasema hicho si kipimo. Akaondoa mikeka kwenye chungu, akamzungushia mzee. Mzee akakaa ndani ya kisanduku chake cha mikeka, mkuki umetokeza juu, akilinda kwa ukali mkubwa bila kuona chochote. Mbwa wakanywa. Bwana akaamuru nije kinyumenyume. Nilikuja kinyumenyume siku moja, nikakaa ndani ya chungu.

Mwishowe Ambilikile, mume wangu, ndiye aliyepata njia. Akanipa kopo tupu la biskuti za Bwana na kijiti. "Mke wangu, ukitoka nyumbani piga kopo. Baba akisikia, atajitenga hadi mtoni. Ukimaliza piga tena, arudi."

Ikawa vizuri. Tulipendana sana na lile kopo, mimi na baba mkwe. Nikipiga, nasikia mzee anakohoa, nyayo zake zinakwenda. Nafika, napiga magoti, napima. Nikiondoka napiga tena, nasikia anarudi. Hatujaonana, hakuna aliyekosa heshima.

Ila maji yalikuwa yanashuka. Kila asubuhi yalikuwa yamekwenda kina cha vidole, si cha unywele. Hakuna jasho, hakuna mbwa maana mzee alikesha pale. Bwana Kiu akaanza tena kutingisha kichwa. Akasema hata Ugogo hajaona anga lenye kiu kama hili. Usiku nililala nikimwona mama yangu amekaa na udongo mkononi, hana ruhusa ya kuwasha moto.

Nisimame hapa kidogo, niwaambie kuhusu jangwa, maana najua wakubwa wenu watawauliza, na mimi nilijifunza kwa kuliona. Jangwa pekee nililoliona Kyela lilikuwa uwanja wa Bwana Kiu. Alitaka anga lione chungu vizuri, bila kivuli. Akaamuru migomba ikatwe pande zote, nyasi zing'olewe, na ardhi ifagiliwe kila siku. Palikuwa pazuri, pameng'aa kama upara. Udongo ukawa moto hadi kuku wa Bwana wakawa wanavuka kwa kurukaruka. Mvua moja ya kiangazi ilipita, ndogo tu. Kwenye migomba yetu iliingia ardhini ikakaa. Kwenye uwanja wa Bwana haikuingia, iliteleza, ikachimba mfereji katikati, ikapita chini ya hema lake na kuondoka na kiatu kimoja. Kesho yake migombani ukichimba kwa kidole unakuta unyevu. Uwanjani ukichimba unavunja kucha. Mvua ilikuwa ile ile! Anga lilikuwa lile lile. Ardhi ikivuliwa nguo haiwezi kushika inachopewa. Mkifika huko kwenye vumbi msianze kuuliza mvua ni kiasi gani. Ulizeni kwanza nani amefagia.

Na jambo jingine, kwa sababu bado nalikumbuka. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa napima mvua kwa misheni, shemasi wetu Yakobo alihamisha chombo cha mvua akakiweka chini ya ukingo wa paa la kanisa ili kisilowe. Ndivyo alivyosema, kisilowe. Mwezi ule tuliandika mvua ya kutosha safina kuelea. Wakubwa walituma mtu kuja kutuokoa.

Turudi kwa chungu. Siku moja nilichelewa. Nilipiga kopo kama kawaida, lakini nikajikwaa njiani nikabaki nafunga kidole. Nilipofika nilimkuta Malafyale na wake zake wote kwenye chungu, wanakunywa kwa adabu kabisa, zamu kwa zamu. Waliponiona wakaondoka bila haraka. Nikakaa chini. Nikaelewa. Ng'ombe wa Mwakyoma walikuwa wamejifunza kopo. Kopo likilia, mzee anaondoka. Mzee akiondoka, meza imeandaliwa. Kati ya kopo langu na kufika kwangu, wao ndio walikuwa anga.

Nikamwambia Feruzi siku ile ile. Feruzi akacheka mpaka akakaa. "Dada, mimi nikamwambie Bwana kwamba ukame wa Afrika una pembe?" Lakini akaenda, akamwambia. Bwana hakuamini. Alisema kila mahali alipopima wenyeji humwambia ni ng'ombe. Akaongeza kwamba maji yakipungua tena, atajua ni uzembe wa mlinzi, na mlinzi atachapwa mbele ya watu.

Habari hiyo ilimfikia baba mkwe. Sasa mjue, yeye alikuwa hajui kupima, wala hakuambiwa kwamba maji yanatakiwa kupungua. Aliambiwa alinde maji. Kwa mtu mwaminifu, maji uliyopewa ulinde ni lazima yabaki yalivyokuwa. Akachukua kibuyu chake, akashuka ziwani, akachota, akajaza chungu hadi ukingo.

Asubuhi hiyo nilipiga kopo nikaenda mbio ili niwawahi ng'ombe. Nikawawahi. Nikapiga magoti nitazame fimbo, maji yamepanda juu ya alama, wala mvua haikunyesha. Na ndani ya maji, wakizunguka mikato ya fimbo ya serikali, usipa wawili. Samaki wadogo, wazima, wanameremeta.

Bwana Kiu alikuja kwa sababu aliona nimesita. Akainama. Akatazama samaki, akatazama juu angani, kwa muda mrefu. Feruzi alikuwa nyuma yake.

"Bwana anauliza," Feruzi akasema taratibu, "kama kwenu samaki hunyesha."

"Huwa hawanyeshi."

"Anasema hata yeye alidhani hivyo."

Halafu Bwana akawa mwekundu. Hapo ndipo mzaha ulipoisha na mambo yakawa mazito. Akasema tumeongeza maji. Akasema mtu huongeza maji kuficha ukame. Asiyekuwa na ukame angeongeza ya nini? Kwa hiyo nchi ni kavu, na wenyeji wanajua, na wanaficha. Alasiri hiyo mlinzi atachapwa mbele ya chungu, na baada ya fimbo yeye Bwana atasoma amri: Ikombe hakuna moto tena. Mitumbwi ya mama yangu ilikuwa imeegeshwa pale pale Itungi na shehena ya mwisho. Aliyasikia yote akiwa ameshika kasia.

"Mwanangu Sekela," mama akaniambia, "mkweo amehukumiwa na uji wako."

Alasiri watu wakajaa kwenye ule uwanja uliofagiliwa. Mimi sikuwa uwanjani. Nilikuwa mahali pangu, migombani, shuka juu ya kichwa, maana mzee alikuwa katikati. Mwenye fimbo alikuwa tarishi Mwalupindi, kijana wa kwetu, na mzee alikuwa rafiki wa baba yake. Mzee mwenyewe hakungoja kushikwa. Alikuwa amelala kifudifudi ameweka mkuki wake vizuri kando, kama mtu anayejiandaa kulala mchana. Bwana akamuuliza kupitia Feruzi kama ana neno.

"Ninalo," akasema. "Nilipewa maji, nayarudisha maji. Kama yalitakiwa yapotee, mngeniambia mimi nisiyalinde."

Feruzi akatafsiri, na safari hii hakuongeza kitu. Lakini neno la Bwana lilikuwa limeshatoka mbele ya watu. Akamwashiria Mwalupindi.

Sikuwa na maneno ya Kidachi. Kwa Kiswahili nilikuwa bado naokoteza. Kitu nilichokuwa nacho ni uso. Nikavua shuka kichwani, nikatoka migombani, nikatembea katikati ya uwanja mweupe, jua likinimulika, nikasimama mbele ya baba mkwe wangu, nikamtazama.

Wajukuu zangu, mimi nimeona kimbunga ziwani. Nimeona nzige. Sijaona watu wakiondoka mahali kama walivyoondoka pale. Kwanza Mwalupindi alitupa fimbo akaziba macho kwa mikono yote miwili, akakimbia hivyo hivyo, akagonga mti. Wazee wakaruka ule mfereji. Wanawake wakapiga yowe wakafunika watoto nyuso. Wapagazi wakaenda, mume wangu Ambilikile akiwa mbele yao, na sijawahi kumlaumu. Na baba mkwe, yule mzee mrefu asiyejua mzaha, aliinuka kutoka chini kama aliyeungua, akachukua mkuki, akakimbia kuelekea Njisi, magoti yanapanda hadi kifuani, akavuka mto bila kutafuta kivuko. Mwakyoma alikusanya ng'ombe wake wote, na Malafyale mwenyewe, akawaswaga mbali, maana mahali palipotokea aibu kama ile hata mfugo haupiti.

Uwanjani tukabaki watatu. Bwana Kiu, Feruzi na mimi. Na chungu.

Bwana akatazama fimbo chini. Akatazama njia ya Njisi, ambako vumbi lilikuwa bado linatua. Akasema kitu.

"Anauliza umewafanya nini," Feruzi akasema.

"Mwambie nimemwamkia mkwe wangu, kama alivyoniambia."

Feruzi hakucheka. Alinieleza baadaye kwamba alitamani sana, lakini alimwona Bwana akikaa taratibu kwenye kiti chake kama mtu aliyechoka tangu Ugogo. Hapakuwa na wa kuchapwa, hapakuwa na wa kuchapa, hapakuwa na wa kusomewa amri. Bwana akainuka, akawatoa wale usipa kwa kiganja, akawapeleka ziwani mwenyewe. Akamwaga maji yote, akajaza mapya hadi alama. Akaingia hemani.

Usiku ule na asubuhi yake hakuna aliyethubutu kusogea pale. Mtu, mbwa, bata, ng'ombe, hakuna. Chungu kilikaa peke yake chini ya anga kwa mara ya kwanza tangu kifinyangwe. Kulipokucha nilienda bila kopo, upepo haujaamka. Bwana alikuwa ameshafika, amesimama mikono nyuma. Nikapiga magoti, nikalisawazisha jicho.

"Yameshuka?" akauliza, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Yameshuka, Bwana."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha unene wa ukucha wangu.

Akalala kifudifudi kwenye vumbi, pale pale alipolala mzee, akatazama fimbo kwa jicho moja, halafu kwa jingine. Alikaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Alipoinuka alikuwa na udongo puani. Akasema na Feruzi kwa muda.

"Dada," Feruzi akasema, "nenda majini umwambie mama yako achome vyungu. Na Bwana anataka viwili vipana, vyenye uji, vya kwenda navyo Ugogo. Anasema huko ng'ombe bado hawajui kopo."

Nilishuka mbio. Mama alisukuma mtumbwi majini kabla sijamaliza kusema, na jioni yake moshi ulionekana chini ya milima, mnene, wa nyasi nyingi, wa watu wenye haraka.

Mimi nilikuwa na langu la kulipa. Niliomba msamaha kwa njia inayopasa, kwa kupitia mama mkwe, na pombe, na jogoo mzuri kuliko wote niliokuwa nao. Jibu halikuja. Nikajua mzee amekasirika, na alikuwa na haki. Niliendelea kupima chungu, kimya, bila mlinzi na bila kopo, nikijificha hata mahali asipokuwepo.

Siku moja nilikuwa napalilia migomba yangu nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa shamba. Nikajifunika, nikachutama. Nyayo zikaja, zikasimama nyuma ya mgomba mnene uliokuwa kati yetu. Hakunisemesha mimi. Aliusemesha mgomba, kwa sauti ya heshima, kama anavyosemeshwa mtu mzima.

"Mgomba," akasema, "jogoo tumemla. Ndaga fijo, asante sana."

Mgomba haukujibu.

"Lakini siku nyingine," akasema, "tafadhali uniache nichapwe."

Akaondoka zake kwenda Njisi.